Mji, Mvua na Homa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Magonjwa ya Kuambukiza Mombasa

Maswali haya sikuyatunga mimi. Nimeyaokota milangoni mwa watu, Kisauni na Likoni zaidi, katika miaka niliyozunguka nyumba kwa nyumba na mfuko begani na tochi mkononi, nikichungulia mapipa. Mengine niliulizwa kwenye foleni ya feri, mengine matangani, na moja kinyozi aliniuliza wembe ukiwa shingoni mwangu, nikalijibu upesi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, si daktari. Ukiwa na homa nenda kapimwe kwanza, kisha urudi usome.

Mvua imekatika zamani. Mbona dengi ingali mtaani?

Kwa sababu dengi, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, haifuati mvua tu. Hufuata pipa.

Mbu anayeieneza, Aedes aegypti kwa jina la wataalamu, ni yule mweusi mwenye vidoa vyeupe na miguu ya mistari. Hana haja na mtaro unaonuka wala dimbwi la barabarani. Ataka maji yaliyotulia, masafi kiasi, ndani ya chombo, karibu na mtu: pipa, dumu lililokatwa mdomo, tangi lisilo kifuniko, tairi kuukuu, kisahani cha chungu cha maua. Kwa hapa kwetu niongeze vifuu vya madafu. Pita asubuhi nyuma ya muuza madafu, uinamie rundo lake baada ya manyunyu ya usiku. Kila kifuu ni kisima kidogo.

Sasa fikiri Mombasa inavyopata maji. Kaunti hii haina mto wala chemchemi ya kuitegemea. Maji yetu hutoka kwa majirani: Mzima kule Tsavo, upande wa Taita Taveta, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, Baricho, kando ya mto Sabaki, Kilifi, Marere na Tiwi, Kwale. Ukiyajumlisha yote hayafiki nusu ya mahitaji ya mji. Kwa hiyo mfereji huja kwa zamu, na kiangazi kikibana hata hiyo zamu hupotea. Mtu afanyeje? Huweka akiba. Maji yakiwa adimu, mapipa huongezeka, tena hukaa wiki nyingi bila kumalizwa wala kusuguliwa. Ndiyo maana ukame humnenepesha mbu wa mjini kama mvua inavyomnenepesha, na pengine zaidi.

Tumeshayaona haya. Mwaka 2004 chikungunya, homa nyingine ya virusi inayoenezwa na mbu huyuhuyu, ililipuka Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba robo tatu hivi ya watu wa mji ule walikuwa wameambukizwa. Kabla mwaka haujakwisha ilikuwa imefika Mombasa. Watafiti walipoitazama hali ya hewa ya miezi ile hawakukuta gharika. Walikuta ukame na joto lisilo la kawaida, na majumba yenye vyombo vya maji visivyobadilishwa. Kutoka pwani yetu ugonjwa ukapanda hadi Komoro, ukavuka hadi kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya thuluthi ya wakazi waliugua mwaka 2005 na 2006, kisha India. Yote hayo yalianzia kwenye mapipa ya Lamu.

Mara moja, Mishomoroni, nilimulika tochi ndani ya pipa la buluu ukumbini kwa mama mmoja. Viluwiluwi vikazama vyote kwa pamoja, kama wanafunzi waliomwona mwalimu. Nikamwambia ayamwage. "Mwanangu," akaniambia, "maji haya nimeyanunua kwa mkokoteni, dumu kwa dumu. Nimwage pesa kwa ajili ya vidudu?" Hakukosea, mimi ndiye niliyekosea. Tukachukua leso kuukuu, tukayachuja maji kuyatia kwenye ndoo na masufuria, tukalisugua pipa kuta zake kwa brashi, tukayarudisha, tukalifunga mdomo kwa leso ileile na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Tangu siku hiyo simwambii mtu amwage maji.

Kwa nini kusugua? Si kumwaga kwatosha?

Hakutoshi. Mbu huyu hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hugandamana pale. Chombo kikikauka, yai hungoja. Laweza kungoja miezi kadhaa, kisha maji yakilifikia tena huanguliwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Kutoka yai hadi mbu anayeruka, kwa joto letu, ni siku saba hadi kumi. Kwa hiyo sugua mara moja kwa wiki. Chagua siku usiyoisahau. Mimi nyumbani ni Ijumaa asubuhi.

Mbu si mbu tu?

La. Mjini tuna watatu wa kuwajua, na kila mmoja ana desturi zake. Mbu wa dengi na chikungunya huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya magharibi, kwa hiyo chandarua chako cha usiku hakimsumbui. Haruki mbali pia, kwa kawaida mita mia chache tu. Akikuuma, aghlabu kazaliwa kwako au kwa jirani.

Wa malaria, anofelesi, huuma usiku, na kwa kawaida hutaka maji yaliyo wazi yasiyo na uchafu mwingi: madimbwi, mashamba ya mpunga, kingo za vijito. Mji unapojengwa yeye ndiye hupoteza makao.

Wa tatu, kuleksi, ndiye anayekupigia kelele sikioni usiku kucha. Huyu apenda uchafu hasa: mtaro ulioziba, shimo la choo, tangi la maji machafu lenye ufa. Ndiye hueneza matende na mshipa katika miji ya pwani. Jomvu ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kugawiwa dawa tatu kwa pamoja dhidi ya matende, mwaka 2018. Ila dawa bila kushughulikia choo ni kazi ya nusu. Kule Makunduchi, Unguja, miaka ya 1980 waliongeza ujanja: walimwaga ndani ya mashimo ya vyoo vile vipunje vyeupe vyepesi vinavyofanana na vya maboksi ya televisheni. Vikaelea juu ya maji vikawa kama blanketi, mbu asipate pa kutaga wala viluwiluwi pa kupumulia. Mbu wakapungua sana, kwa muda mrefu. Nimependekeza jambo hili katika vikao viwili, wamelicheka.

Huyu mbu wa dengi katoka wapi? Waliletewa watu wa Mombasa na meli?

Nusu ya kisa iko mbali na nusu iko hapo Rabai, mwendo wa nusu saa kwa matatu kama Miritini haina msongamano, yaani karibu kamwe.

Mababu wa mbu huyu walikuwa wa msituni, Afrika. Walitaga kwenye matundu ya miti na kunyonya damu ya wanyama. Baadhi yao, mahali fulani, wakazoea mtu, wakapanda majahazi na merikebu pamoja na mapipa ya maji ya mabaharia, wakaenea duniani. Rabai imekuwa darasa la jambo hili tangu miaka ya 1970, kwani watafiti walikuta pale aina mbili bega kwa bega. Mmoja alikuwa mweusi wa msituni asiyemjali mtu, mwingine wa rangi ya kahawia akitaga kwenye mitungi ndani ya nyumba na kumpenda binadamu. Vinasaba vya huyu wa nyumbani vinaonyesha undugu wa karibu na mbu wa Asia na Marekani, yaani ni mwana aliyepotea akarudi kwao kwa bahari na tabia za ughaibuni. Mwaka 2014 utafiti uliotumia mbu wa Rabai ulionyesha kwamba mbu wa nyumbani ana kipokezi cha harufu kinachoamshwa kwa nguvu zaidi na kemikali iliyo tele katika harufu ya mwili wa mtu.

Kuna utafiti mwingine, wa 2020, ninaoupenda zaidi. Walikusanya mayai ya mbu huyu kutoka sehemu 27 za Afrika kusini mwa Sahara, wakawakuza, wakawapa kuchagua kati ya harufu ya mtu na ya mnyama. Mambo mawili yalieleza vizuri ni wapi mbu hupenda watu: kiangazi kirefu na kikali, na msongamano wa watu. Mantiki yake si ngumu. Kiangazi kikiwa kirefu, matundu ya miti hukauka, na maji yaliyobaki ni yale ya binadamu. Anayekaa karibu na mtungi wa mtu hujifunza kumnyonya mwenye mtungi. Watafiti hao wakasema kwamba kwa miongo michache ijayo kukua kwa miji ndiko kutakakowasukuma mbu wetu kutupenda, kuliko mabadiliko ya hali ya hewa. Nikisikia mkutanoni kila homa inawekwa kwenye mlango wa tabianchi, huikumbuka sentensi hiyo.

Basi joto halina kazi?

Lina kazi kubwa. Mbu akinyonya damu yenye virusi hawezi kuviambukiza papo hapo. Virusi lazima vivuke tumbo lake hadi kwenye mate. Safari hiyo huchukua siku nane hadi kumi na mbili hivi katika joto letu la kawaida, na joto likipanda hufupika. Kwa mbu anayeishi wiki mbili tatu, siku tatu za kuokoa ni nyingi mno: wengi zaidi hufika umri wa kuambukiza wakiwa hai.

Lakini kila ugonjwa una joto lake. Hesabu za watafiti zinaonyesha malaria husambaa vizuri zaidi karibu na nyuzi 25, na dengi karibu na nyuzi 29. Wastani wa Mombasa kwa mwaka ni nyuzi 26 hivi. Maana yake, pwani ikizidi kupata joto, malaria itakuwa inasogea mbali na hali yake bora huku dengi ikisogea karibu na yake. Ongeza mji wenyewe: paa za bati, saruji, lami, miti iliyokatwa ili kujenga ghorofa. Usiku wa Majengo, penye nyumba zilizobanana, hauna ubaridi wa usiku wa Mwakirunge, pembezoni mwa kaunti, na mbu hupima joto la pale anapokaa, si la kituo cha uwanja wa ndege.

Nina homa. Kila mara naambiwa malaria. Ni kweli?

Pengine. Lakini Mombasa ya leo si ile ya bibi yako. Malaria imepungua sana pwani, na dengi imezuka tena na tena: 2013 na 2014, 2017, 2021. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika Mombasa 2013 ulikuta dalili za maambukizi ya dengi katika damu ya asilimia 13 ya waliopimwa. Wengi wao hawakujua. Ama hawakuugua, ama walimeza dawa ya malaria wakasema imewaponya.

Mimi mwenyewe niliwahi kudungwa sindano za malaria katika kliniki moja bila kutolewa hata tone la damu. Siku ya nne macho yaliniuma kwa nyuma, mwili ukatoka vipele, ndipo nikaenda kwingine nikapimwa. Ilikuwa dengi. Kumeza dawa ya malaria usiyo nayo ni kupoteza pesa, na kibaya zaidi ni kuupoteza muda. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la kidole na dakika kumi na tano. Kiombe, hata kama mhudumu anakunja uso.

Kama ni dengi, au hujui bado: meza paracetamol kwa homa, usiguse aspirini, ibuprofen wala diclofenac, maana zaweza kuzidisha damu kutoka. Kunywa maji, uji mwepesi, maji ya dafu. Na jihadhari homa *inaposhuka*, siku ya tatu hadi ya saba, kwani hapo ndipo hatari hujitokeza. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, fizi au pua kutoka damu, kuchoka kupita kiasi au kuhangaika: ni hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa usiku.

Niliugua dengi 2017. Si nimeshapata kinga?

Dhidi ya aina ile moja, ndiyo. Virusi vya dengi viko vya aina nne. Ukiambukizwa mara ya pili kwa aina nyingine, uwezekano wa ugonjwa mkali huongezeka, haupungui.

Chikungunya ni jina gani hili?

Ni Kimakonde, na maana yake ni kile kinachokunja, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952 na 1953. Hata neno dengi, wapo wanaosema limezaliwa katika Kiswahili: kidingapopo, homa ya kukakamaza iliyopita Unguja karne ya 19, jina likavuka bahari likarudi kwetu limevaa kanzu ya kigeni. Kinyume cha yote, baadhi ya wanahistoria wa tiba wanadhani kidingapopo cha Unguja kilikuwa chikungunya.

Ya Mombasa ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018 wengi mwaikumbuka. Homa ilikwisha kwa wiki, lakini magoti na vifundo vya mikono viliuma kwa miezi. Fundi mmoja wa kushona jirani yetu alishindwa kushika mkasi hadi Ramadhani ikapita, na msimu wa kushona nguo za Idi ukampita.

Malaria imepungua. Naweza kulala bila chandarua?

Usifanye hivyo. Kuna mgeni njiani. Anaitwa Anopheles stephensi, ni mbu wa malaria kutoka Asia, na tofauti yake na ndugu zake ni moja tu: anapenda mji. Hutaga kwenye matangi na mapipa, mlemle anamotaga mbu wa dengi. Alionekana Jibuti mwaka 2012, wakati nchi hiyo ilikuwa imeripoti visa 27 tu vya malaria. Kufikia 2020 visa vilipita 70,000. Ameshaonekana Ethiopia, Sudan na Somalia, na hapa Kenya alitambuliwa Marsabit. Mji wa bandari wenye mapipa mengi ni mahali anapopatafuta. Habari njema ni kwamba kazi ya Ijumaa asubuhi ni ileile kwa wote wawili.

Kwa nini kipindupindu hufuata mvua za mwaka?

Tazama ardhi tunayoikanyaga. Kisiwa na sehemu kubwa ya ukanda wa bahari ni mwamba wa matumbawe, wenye vitundu na nyufa kama mkate wa mofa. Udongo wa mfinyanzi huyachelewesha maji na kuyachuja, matumbawe hayachelewi. Unachokimwaga chooni leo chaweza kufika kisimani kwa jirani kabla wadudu wake hawajafa. Sehemu ndogo tu ya mji ina bomba la maji taka. Sisi wengine ni mashimo na matangi.

Zamani visima vilikuwa vichache na watu wachache. Hesabu ya 1999 ilikuta watu 665,018 Mombasa. Ya 2009, 939,370. Ya 2019, 1,208,333, kama watu 5,500 kwa kila kilomita mraba. Choo na kisima vilivyoachana hatua hamsini sasa vimeachana kwa ukuta wa chumba cha mpangaji. Mvua ya Mei, mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote, ikishuka, maji ya chini ya ardhi hupanda, mashimo hujaa, kinyesi huelea hadi uani. Wapo pia, niseme bila haya, wanaongoja mvua kubwa ndipo wafungulie choo kwenye mtaro, maji yachukue. Yachukue wapi? Kwa walio bondeni. Kila mtu Mombasa ni wa bondeni kwa mtu fulani.

Kiangazi nacho kina mlango wake. Mfereji ukikauka, bomba huwa tupu, na bomba tupu lenye tundu, likipita mtaroni, hufyonza uchafu. Siku maji yakirudi, ndoo ya kwanza ndiyo yenye balaa. Iache ya kufulia.

Mdudu wa kipindupindu anaweza kuishi bila sisi katika maji ya chumvi kidogo, pale mto unapokutana na bahari, akishikamana na viumbe vidogo vinavyoelea, na bahari ikipata joto huongezeka. Hilo ni la kweli na linafuatiliwa duniani. Lakini mlipuko wa mtaani huletwa na mikono, vyoo na madumu. Usilaumu bahari kabla hujatazama kifuniko cha choo.

Maji ya kisima changu ni meupe pe, hayana hata harufu. Niyatibu?

Ndiyo. Mdudu haonekani wala hanuki. Chemsha mpaka yatokote hasa, au tia dawa ya maji ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa na ungoje nusu saa. Shabu hutuliza tope tu.

Mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele?

Usingoje asubuhi; kipindupindu huua kwa saa chache. Anza kumnywesha nyumbani na njiani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Mtoto anyonyeshwe, asiachishwe.

El Niño ikitangazwa nijitayarishie nini?

El Niño ni joto la bahari ya Pasifiki, mbali na sisi. Linalotupiga zaidi ni joto la Bahari ya Hindi upande wetu linapopanda wakati huohuo. Vuli hugeuka gharika. Ndivyo ilivyokuwa 1997, na ndivyo ilivyokuwa Novemba 2023. Wakati wa mafuriko hofia kipindupindu na homa ya matumbo. Wiki mbili tatu baada ya mvua kupungua hofia mbu, kwa sababu maji yanayokwenda kasi huviosha viluwiluwi. Yanayobaki ndiyo huvilea.

La mwisho ni nyama. Mafuriko makubwa huamsha homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaompata na mtu, kama ya 1997 na 1998 kule Garissa. Mayai ya mbu wake hulala ardhini miaka mingi yakingoja bonde lijae. Mombasa hatufugi sana, lakini twala. Nunua nyama yenye muhuri na uipike hadi iive vizuri, na maziwa yachemke.

Kifua kikuu nacho ni cha hali ya hewa?

Hicho ni cha chumba. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, ilijengwa kwa familia moja na upepo ukipita kutoka barazani hadi uani. Leo kila chumba kina kaya, uani pamejengwa vyumba vingine, na dirisha lililotazama nje latazama ukuta. Bakteria wa kifua kikuu hawataki zaidi ya hapo: hewa iliyosimama na watu wanaolala pamoja. Mombasa ni miongoni mwa kaunti zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Kikohozi cha wiki mbili, kapime. Dawa ni bure katika hospitali za serikali.

Feri na bandari zinachangia?

Zinasafirisha magonjwa, haziyazalishi. Msongamano wa Likoni ulipotisha wakati wa korona, daraja la kuelea la waenda kwa miguu la Liwatoni lilijengwa haraka na kuzinduliwa Desemba 2020. Mji wa Kale nao ulifungwa Mei mwaka huohuo, watu wasitoke wala kuingia. Kwa dengi ni mtu mwenye virusi damuni anayeshuka na kuumwa na mbu wa huku.

Mbona kaunti haipulizi dawa kila wiki?

Moshi huua mbu wanaoruka dakika ile. Mayai na viluwiluwi hubaki, na ndani ya wiki wamerudi. Una nafasi yake mlipuko ukiwa umeshika moto. Watu huupenda kwa sababu unaonekana, na wanasiasa huupenda kwa sababu hiyohiyo.

Tangi langu liko juu ya paa na siwezi kulisugua. Nifanyeje?

Hakikisha kifuniko kinabana, na bomba la kumwagikia maji liwe na wavu mdomoni. Hapo ndipo mbu huingilia. Mara nyingi fundi huacha tundu pembeni mwa kifuniko. Lizibe. Kama umekuta viluwiluwi, muulize afisa wa afya ya umma wa wadi yako, yule wazee wanayemwita bwana afya, kuhusu dawa ya kuua viluwiluwi inayokubaliwa kwa maji ya kunywa. Usimwage mafuta ya taa, utayaharibu maji.

Wazee walikuwa na birika misikitini na majumbani, maji wazi kabisa. Mbona hawakumalizwa na mbu?

Kwa sababu birika lilikuwa na mlinzi. Lamu hadi leo utakuta, katika nyumba za kale na misikiti, visamaki vidogo ndani ya birika, na kazi yao ni kula viluwiluwi. Mafundi wa zamani walitia bakuli la kaure sakafuni mwa birika ili maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia.

Wengi huniuliza kama wanaweza kufanya hivyo kwenye pipa. Nimejaribu. Nilitia visamaki vitatu katika pipa la plastiki lililokaa juani. Viwili vilikufa kwa joto siku ya kwanza. Cha tatu kilidumu siku nne na pipa halikuwa na kiluwiluwi hata kimoja, kisha paka wa jirani akakiona.